Wa tatu habebwi tena: Starlets na hesabu ya Kundi A

Tangu droo ya Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake la 2026 iwaangushe Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, katika Kundi A pamoja na wenyeji Morocco, Algeria na Senegal, kuna kauli moja ninayoisikia kila pembe ya Mombasa, kuanzia vibaraza vya Mji wa Kale hadi matatu za Mtwapa. Kwamba mashindano yamepanuliwa kutoka timu 12 hadi 16, kwa hivyo njia imekuwa pana, na hata tukimaliza wa tatu bado tuna nafasi ya kupenya. Kauli hiyo ni kosa, tena kosa la hatari, kwa sababu linagusa namna timu inavyoandaliwa na namna sisi mashabiki tutakavyoipima. Ukweli ni kwamba kuongezwa kwa timu kumeifanya hatua ya makundi kuwa kali kuliko ya mwaka 2025. Kenya ikienda na hesabu ya zamani, itafunga virago baada ya mechi tatu bila hata kujua ilikosea wapi.

Jioni moja baada ya magharibi, kwenye kibaraza kimoja cha Kibokoni, mzee mmoja alichukua karatasi iliyofungiwa kashata akaigeuza na kuchora jedwali la kundi letu. Juu akaweka Morocco, chini yake Senegal, halafu Kenya, na Algeria mkiani. Akalipigia mstari jina la Kenya, akaniambia, "Mwanangu, hapa twapita." Nikamjibu, "Ami, wa tatu safari hii arudi kwao." Akakiweka kikombe cha kahawa chini akaniuliza tangu lini. Sikumlaumu hata kidogo, maana hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa hadi fainali za Julai 2025.

Utaratibu uliopita ulikuwa hivi: timu 12 ziligawanywa katika makundi matatu ya timu nne nne. Wawili wa juu wa kila kundi walivuka, hao ni sita, na ili kutimiza wanane wa robo fainali waliongezwa wawili waliofanya vyema zaidi miongoni mwa walioshika nafasi ya tatu. Yaani timu nane kati ya 12 zilivuka. Ni nne tu zilizorudi nyumbani mapema. Sasa timu ni 16, makundi ni manne, na wawili wa juu wa kila kundi wanatimiza wanane bila kuhitaji msaada wa mtu yeyote. Milango ya robo fainali imebaki ile ile minane, waliosimama mbele yake ndio walioongezeka. Anayetaka kuona maana ya badiliko hili asiende mbali, aitazame Senegal, jirani yetu katika kundi hili. Mwaka 2025 Senegal iliichapa DR Congo 4-0, ikafungwa na Zambia 3-2, ikafungwa na Morocco 1-0, ikamaliza ya tatu na pointi tatu. Ikaingia robo fainali kwa tiketi ya nafasi ya tatu, ikaikaba Afrika Kusini bila kufungana na kutolewa kwa mikwaju ya penalti. Matokeo yale yale, bao kwa bao, chini ya utaratibu wa sasa yangeipeleka uwanja wa ndege. Na Senegal wanalijua hilo vizuri. Hawatakuja kucheza na Kenya wakiwa na starehe ya kupoteza mechi mbili.

Zaidi ya hesabu, angalia ni nani walioongezwa. Cameroon, Ivory Coast, Mali na Misri zilikuwa zimeshindwa katika raundi ya mwisho ya kufuzu, kisha zikaitwa kwa kufuata orodha ya viwango. Cameroon ilicheza fainali ya Afrika mwaka 2014 na 2016, na ilivuka makundi ya Kombe la Dunia la wanawake mara zote mbili ilipokwenda, 2015 na 2019. Mali ilikuwa robo fainali mwaka 2025. Kwa hivyo anayedhani milango imefunguliwa ili wanyonge waingie ameisoma habari juu chini. Na hapa niondoe dhana nyingine inayowavunjia heshima wachezaji wetu, ile ya kusema Kenya imepenya kwa sababu nafasi zimeongezwa. Starlets walifuzu uwanjani Oktoba 2025 kwa kuitoa Gambia jumla ya mabao 4-1, 3-1 pale uwanja wa Nyayo na 1-0 mkondo wa pili. Wakati nafasi zile nne zinagawanywa, wao walikuwa tayari na tiketi yao mkononi.

Sipingi upanuzi wenyewe. Hoja ya wanaoutetea ina uzito: mashindano ya wanawake barani yalikuwa na timu nane hadi 2018, na kwa nchi kama yetu hilo lilimaanisha kungoja miaka na miaka huku vizazi vya wachezaji vikistaafu bila kuonekana. Timu zikiongezeka, mashirikisho yanapata sababu ya kuwekeza, na wachezaji wanapata jukwaa la kuonekana na klabu za nje. Wanaopinga nao wana hoja yao, kwamba ukiongeza timu unaalika vipigo vya aibu, na watakutajia Thailand iliyofungwa na Marekani 13-0 katika Kombe la Dunia la 2019. Walirudia maneno hayo hayo kombe lile lilipopanuliwa hadi timu 32 mwaka 2023. Vipigo vilikuwapo, sikatai. Vietnam ilifungwa na Uholanzi saba bila, Zambia ikafungwa tano bila mara mbili mfululizo. Lakini kombe lile lile lilimtoa Ujerumani katika hatua ya makundi, likamtoa Brazil na Italia, na timu tatu kati ya nne za Afrika zikavuka: Nigeria, Afrika Kusini na Morocco. Pengo lipo, ila linazibika kwa kasi kuliko wanavyokubali wenye mashaka.

Kundi la Morocco la 2023 lilistahili kusomwa na kila kocha wa Afrika Mashariki. Mechi ya kwanza, Ujerumani 6, Morocco 0. Mashabiki wengi hapo walikwisha kuwazika. Kisha Morocco wakaifunga Korea Kusini 1-0, wakaifunga Colombia 1-0, wakafikisha pointi sita. Ujerumani ikafungwa na Colombia 2-1 na kutoka sare ya 1-1 na Korea, ikabaki na pointi nne. Hesabu ya mabao ya Ujerumani ilikuwa ziada ya matano, ya Morocco ilikuwa deni la manne. Aliyerudi nyumbani ni mwenye ziada. Sisi wa huku tuna mfano wa karibu zaidi, wa wadogo zetu wa Tanzania katika Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India, mwaka 2022. Walianza kwa kufungwa na Japan 4-0. Mechi ya pili wakaichapa Ufaransa 2-1, ya tatu wakatoka 1-1 na Canada, na wakaingia robo fainali wakiwa na deni la mabao matatu. Mechi moja mbaya katika kundi hugharimu pointi tatu, haigharimu zaidi. Anayeipa uzito kupita huo anajiongezea hasara mwenyewe.

Kwenye mashindano ya Afrika jambo hili lina nguvu zaidi, kwa sababu timu mbili zikilingana pointi, kanuni huanza kuangalia matokeo ya ana kwa ana kabla ya kwenda kwenye tofauti ya mabao ya kundi zima. Tuchukue mfano. Kenya inafungwa na Morocco 4-0, inaifunga Senegal 1-0, inatoka suluhu na Algeria. Pointi nne, deni la mabao matatu. Senegal nayo, baada ya kufungwa na sisi, inaichapa Algeria 2-0 na kutoka 1-1 na Morocco. Pointi nne, ziada ya bao moja. Katika Kombe la Dunia la 2023, ambako tofauti ya mabao ndiyo iliyoangaliwa kwanza, Senegal ingevuka. Huku anayevuka ni Kenya, kwa lile bao moja. Ni kweli kwamba zikilingana timu tatu na Morocco akiwa mmoja wao, mabao manne yale yatarudi kututafuta, kwa hivyo kufungwa ovyo si jambo la kupuuza. Lakini uzani wa mechi tatu hizi haufanani, na kambi ya timu inapaswa kujua hivyo tangu siku ya kwanza ya mazoezi.

Ndiyo maana nasema kundi letu litaamuliwa na Senegal na Algeria, na katika hao wawili Algeria ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Hawana nyota wa kutisha wanaoimbwa barazani, na watu wa hapa wanawaweka mkiani kama alivyofanya ami wa kashata. Mwaka 2025 Algeria walicheza mechi tatu za kundi na kufunga bao moja tu, dhidi ya Botswana. Walitoka suluhu na Tunisia. Walitoka suluhu na Nigeria, ambao ndio waliokuja kutwaa ubingwa, taji lao la kumi. Hawakuruhusu bao hata moja, wakapata pointi tano, wakavuka wa pili. Jamaica walifanya jambo hilo hilo katika Kombe la Dunia la 2023: suluhu na Ufaransa, 1-0 dhidi ya Panama, suluhu na Brazil, bao moja na pointi tano, Brazil nje. Timu ya kiwango cha kati inayovuka kundi gumu aghalabu huvuka kwa sifuri, yaani kwa kutofungwa. Inafunga mlango, inangoja kona au mpira wa adhabu, na inajua kupoteza muda bila kupata kadi. Tanzania waliionja njia ya pili, ya kumzuia mkubwa na kupoteza kwa wa kiwango chako, mwaka huo wa 2025. Walikwenda sare ya 1-1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi, na nchi ikashangilia kwa haki. Lakini walikuwa wamekwisha kufungwa 1-0 na Mali katika mechi ya kwanza, na Mali ndiye waliyepaswa kumfunga. Mali akamaliza na pointi nne akavuka. Tanzania akabaki na moja.

Hapo unaingia ubishi wa namna ya kucheza na Morocco. Kuna wanaosema tuwaingie kifua mbele, tusiwape heshima ya bure. Nawaelewa, wala sitaki timu inayoingia uwanjani ikiwa imekwisha kushindwa. Wengine, na mimi nimo, wanasema mechi ya wenyeji, popote itakapoangukia kwenye ratiba, ichezwe kwa akiba. Morocco wamecheza fainali mbili mfululizo, 2022 na 2025, wana kocha Jorge Vilda aliyeipa Hispania Kombe la Dunia, na uwanja utakuwa wao. Mkienda kuchuana nao kwa dakika tisini za mbio, mkarudi na beki aliye na kadi ya njano na kiungo aliyevuta msuli, mtakuwa mmelipia mechi ya Morocco kwa pesa za mechi ya Algeria. Kocha Beldine Odemba atahitaji ujasiri wa kuwapumzisha watu, na ujasiri huo atakuwa nao tu ikiwa sisi huku nyumbani tumeelewa anachofanya. Kocha wa Kenya anayefungwa 3-0 na kusema "ndivyo nilivyopanga" huwa hana kazi wiki inayofuata. Tumpe nafasi hiyo mapema.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayorudiwa na watu wenye vyeo, ni ile ya kwenda kupata uzoefu. Eti Kenya bado changa, tusijipe presha, tukajifunze. Tulikwisha kwenda kujifunza. Mwaka 2016 kule Cameroon, mara yetu ya kwanza, tulipangwa na Ghana, Mali na Nigeria tukapoteza mechi zote tatu. Uzoefu ule uliwekwa wapi? Mwaka 2018 tulipewa nafasi baada ya Equatorial Guinea kuondolewa, kisha mahakama ya michezo ikawarejesha wao na sisi tukabaki na mabegi yaliyofungwa. Katika safari ya kuelekea 2022 Kenya ilijiondoa yenyewe katika mchujo na Uganda ikapita. Miaka kumi imepita kati ya fainali zetu za kwanza na hizi za pili, na wengi wa waliopata uzoefu ule hawachezi tena. Uzoefu wa mchezaji huondoka naye. Unaobaki ni ule uliowekwa katika ligi, katika benchi la ufundi, katika kambi zinazoanza mapema.

Atakayenijibu kwa Jamaica nitamsikiliza, maana walipoteza mechi zao zote tatu za Kombe la Dunia la 2019 wakifungwa mabao 12, na miaka minne baadaye hawakufungwa hata moja katika kundi. Baadhi ya wachezaji walikuwa wale wale. Lakini Jamaica walirudi baada ya miaka minne, siyo kumi, na wachezaji wao walikuwa wameenea katika klabu za kulipwa za Ulaya na Marekani. Na Morocco wanaipinga hoja hiyo waziwazi. Baada ya fainali za mwaka 2000 walikaa nje hadi 2022, miaka 22 bila uzoefu wowote wa mashindano haya, kisha wakarudi na kufika fainali moja kwa moja. Walikuwa wamejenga ligi na kumwaga pesa katika soka la wanawake kabla ya kupanda jukwaani. Wasichana wetu wa chini ya miaka 17 nao walitufundisha mwaka 2024 kule Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya Kenya ya soka kufika Kombe la Dunia lolote. Walifungwa na Uingereza na Korea Kaskazini, kisha wakaifunga Mexico 2-1. Hawakwenda kutalii wale, na hakuna haki ya kuwapangia dada zao lengo dogo kuliko walilojipangia wao.

Sasa niseme la hapa kwetu, kwa sababu hesabu ya sifuri ina mahali inapoanzia. Miezi michache iliyopita nilisimama pembeni ya kiwanja kimoja cha Kisauni nikitazama wasichana wakifanya mazoezi. Kiwanja chenyewe ni changarawe na matumbawe yaliyochomoza, na kwenye eneo la goli la upande wa barabara kuna jiwe ambalo kila mtu anajua lilipo. Kipa wao ni hodari. Anatoka golini kwa wakati, anapaza sauti, mikono yake haiteleziwi na mpira wa juu. Lakini mpira wa chini ukienda pembeni harushi mwili. Anaunyooshea mguu. Nilimuuliza mwalimu wao kwa nini hamrekebishi, akaniinulia suruali ya mazoezi ya yule binti hadi gotini, kwa ruhusa yake, akanionyesha makovu. "Nikimwambia aruke, kesho haji," akasema. Msichana huyo anajifunza nusu ya kazi ya kipa, na ile nusu anayoikosa ndiyo inayowapa Algeria suluhu na Nigeria. Pwani hii ina watoto wanaotandaza soka tangu wakiwa wadogo, kule Kilifi shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwachezesha wasichana tangu 2001, ila katika kikosi cha taifa majina mengi yanatoka magharibi ya nchi na Nairobi, na kipa ni nafasi ambayo kipaji pekee hakitoshi. Anahitaji nyasi, au hata mchanga uliochekechwa. Wakati nchi inapojenga viwanja kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume la 2027 tutakaloandaa pamoja na Tanzania na Uganda, sehemu mbili za mchanga safi mbele ya magoli ya viwanja vya mitaa si ombi la kuivunja hazina.

Kwa timu yenyewe ninadai mambo mahususi. Mechi za kirafiki zichezwe na timu za Afrika Magharibi na Kaskazini zinazocheza kama Senegal na Algeria, maana kuwafunga majirani tunaowajua hakutatuonyesha lolote. Kocha wa makipa awe na muda wake kamili kambini. Kona na mipira ya adhabu ifanyiwe mazoezi hadi ichoshe, kwa sababu bao moja huenda likawa ndilo bao letu la kundi zima. Na wachezaji walipwe posho zao kabla ya kupanda ndege, ili mechi ya kwanza isichezwe na watu wanaouliza simu zao kama pesa zimeingia. Kinachoshindaniwa ni kikubwa: atakayevuka kundi hili atakuwa mechi moja tu mbali na nusu fainali, na timu nne za nusu fainali zinakwenda Kombe la Dunia la wanawake la Brazil 2027 moja kwa moja. Hakuna timu ya wakubwa ya soka ya Kenya, ya wanaume wala ya wanawake, iliyowahi kufika Kombe la Dunia.

Yule kipa wa Kisauni ameniambia atazitazama mechi zote tatu kwa shangazi yake Bamburi, kwenye televisheni. Kombe la Dunia la wanawake litakuwa na timu 48 mwaka 2031, na yeye atakuwa na miaka 19. Jioni ile nilipoondoka, mwalimu alikuwa akimpigia mipira ya chini, mmoja baada ya mwingine, naye akiizuia kwa mguu, amesimama wima, jicho kwenye lile jiwe.